Ukurasa wa Nyuma

Duka langu ni dirisha lenye nondo:
sabuni za vipande, sigara za mojamoja,
siki, dagaa wa kopo, na daftari jeusi
lenye madeni ya mtaa mzima.
Mke wa seremala: mchele, kilo mbili.
Rodelio wa kona: betri, na ile gundi anayoikana.
Deni lisilo na jina ni hasara tu.
Hilo nililijua kabla sijapiga kura hata moja.

Kimbunga kilipobeba daraja letu la Kalubihan
niligeuza daftari juu chini
nikaanza, kwa nyuma, madeni ya wakubwa.

Daraja. Nani?
Nikamwandika meya.
Ni rahisi kumkasirikia mtu
unayemwona akichagua samaki.
Akaja mwenyewe, akakopa soda, akasema,
"Basilisa, barabara ile ni ya taifa. Muulize mbunge."
Mbunge, kwenye ubatizo wa mjukuu wake,
mdomo umejaa nyama ya nguruwe,
akasema fedha zimekwama kwa gavana.
Gavana hakusema. Alitundika bango.
Uso wake ulikuwa mpana kuliko daraja,
na mto ukapita chini yake bila kusoma.

Miaka mitatu tunavuka kwa chelezo, peso tano kichwa,
jeneza peso ishirini.
Nikafuta, nikaandika, nikafuta
mpaka karatasi ikatoboka penye jina.
Nikalitazama lile tundu.
Wanalolitaka ni hilo hasa.
Dawa ya deni ni kulipa, sawa,
lakini kwanza ajulikane mgonjwa.

Basi Jumanne moja nikafunga dirisha,
nikapanda lori la mbata mpaka ofisi ya wahandisi,
nikakaa kwenye benchi toka saa mbili hadi saa tisa.
Binti mmoja, Florabel, mwenye mafua,
alichoka kuniona, akanitolea faili.
Fedha zilikuja. Zilikuja mara mbili.
Mkandarasi ni shemeji wa mbunge.

Nikamfuta meya kwenye daraja.
Iliniuma kumfuta, nilikuwa nimeshazoea kumchukia.
Lakini mkunga wa zahanati, miezi minne bila mshahara,
huyo ni wake; hapo nikakoleza wino.
Gavana: paa la hospitali halivuji tena.
Nikaandika, *amelipa*, japo uso wake unanikera.
Bei ya mchele nikampa rais,
ingawa mume wangu humdai meya hiyo pia
kila jioni, baada ya chupa ya pili.
Mvua sikumwandikia mtu.

Usiku wa kuamkia uchaguzi
bahasha ikapita kati ya nondo: peso mia tano,
na picha ndogo ya mbunge akitabasamu.
Msinihukumu. Nilizipokea.
Nikawasha taa, nikaandika:
*Mbunge, mia tano, imepokelewa.
Baki: daraja.*

Karatasi ya kura ilikuwa ndefu kama mkono wangu,
kuanzia rais hadi diwani, viduara vitupu vikingoja wino.
Wenzangu walijaza haraka, kwa hasira moja.
Mimi nilichelewa. Mwalimu msimamizi akakohoa.
Kila jina nililipa hesabu yake,
na nyingine, nakiri, nilibahatisha.

Jioni matokeo yakatoka.
Meya ameanguka, vibaya sana,
kwa daraja lisilokuwa lake.
Mbunge amepita.
Fataki zilirushwa upande wake wa mto.

Siku ya tatu meya akaja kwa miguu,
kidole bado cheusi kama changu,
akaweka sarafu dirishani.
"Ile soda," akasema.
Nilitaka kumwambia kuhusu lile faili,
kwamba mtu mmoja, angalau, alimwondolea lile daraja.
Badala yake nikafungua ukurasa wa nyuma
nikamgeuzia asome mwenyewe.
Alisoma kwa muda mrefu, kidole kikifuata mistari,
kikasimama penye mkunga.
Hakubisha.

Nikafuta soda.
Mkunga sikumfuta.